Baiskeli ya umeme Tabora: chagua vifaa kwa namba, tafuta hitilafu kwa mita

Mzee mmoja mfugaji wa nyuki alinikuta kwenye kibanda changu Isevya akiikokota Phoenix yake kwa mkono, madumu mawili ya asali yakiwa bado kwenye keria. Mota ya gurudumu la mbele ilikuwa kimya siku ya tatu. Alikwisha nunua kontrola nyingine (kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota), akaifunga, mambo yakawa yaleyale, na sasa alikuja kuulizia bei ya mota. "Kijana wangu, hii imekufa," akaniambia. Nikamwamkia, nikamwomba dakika tano. Nikachomoa plagi moja ndogo ya waya unaotoka kwenye mkono wa breki, nikazungusha eksileta, gurudumu likaondoka. Mchanga ulikuwa umekwamisha swichi ya breki, na kontrola ikawa inaambiwa muda wote kwamba mzee ameshika breki.

Hela ya kontrola ya pili ilikuwa imekwenda, na iliniuma, maana nilijua ni madumu mangapi ya asali yaliyoilipia. Mwongozo huu nimeuandika ili mtu mwingine asinunue kifaa ambacho hakikuharibika. Sehemu ya kwanza ni ya anayetaka kununua seti, yaani mota na vifaa vyake vya kufunga kwenye baiskeli ya kawaida. Ya pili ni ya ambaye baiskeli yake imegoma.

Multimita ya bei nafuu inatosha, bora ipime volti za DC na iwe na kipimo kinacholia waya mbili zikigusana. Ongeza spana ya kubana nati za ekseli ya mota (nyingi ni namba 18), tupa bapa, na mizani. Matumizi ya mizani utayaona.

HATUA YA 1: Soma namba za ubavuni mwa tairi

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapopoteza hela siku ya kwanza kabisa. Seti imeandikwa inchi 28, Phoenix yako ni ya inchi 28, unaona zimeelewana. Hazijaelewana. Tairi la Phoenix la 28 × 1½ lina namba nyingine ndogo inayoishia na 635. Hicho ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi, kwa milimita. Seti nyingi za "28", ambazo pia huandikwa 700C, zina ringi ya 622. Tairi lako litaingia kwa urahisi mno na litachomoka barabarani ukiwa na mzigo.

Mtego huohuo upo kwenye inchi 26. Baiskeli za mlimani ni 559. Zile za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele, tairi la 26 × 1⅜, ni 590. Kwa hiyo muuzaji akikuuliza "inchi ngapi?", mjibu kwa namba ya milimita.

Kwa mwenye Phoenix au baiskeli nyingine ya namna hiyo, ushauri wangu ni kununua mota tupu bila ringi, kisha fundi aifunge kwenye ringi yako ya zamani kwa spoki mpya fupi. Hesabu matundu kwanza. Mota nyingi zina matundu 36, wakati baiskeli nyingi za muundo huu zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Yasipolingana, tafuta ringi ya 635 yenye matundu 36 kabla hujalipia mota.

Kubaki na ringi ya zamani kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Breki za vyuma za Phoenix hubana ringi kwa ndani, upande wa spoki. Ringi ya seti imetengenezwa kwa breki zinazobana ubavuni, au za sahani. Ukiifunga kama ilivyo, umeongeza mwendo na umeondoa breki ya mbele kwa wakati mmoja. Mimi siikabidhi baiskeli ya namna hiyo kwa mwenyewe hata akisema haina neno.

HATUA YA 2: Njia yako na mzigo wako ndivyo vinavyochagua mota

Tabora ni tambarare. Baiskeli, mtu na mzigo vikifika kilo 150, kwenye lami kavu kwa kilomita 20 kwa saa vinahitaji takriban wati 140 tu. Hata mota ya wati 250 inafanya kazi hiyo huku inapumua. Toka sasa nje ya lami, uingie kwenye ule mchanga mwekundu wa njia za vijijini. Kilo zilezile, mwendo uleule, hitaji linaweza kupita wati 400. Kwetu mchanga ndio mlima wetu.

Kigoma wana milima ya kweli. Anayepanda na dagaa kutoka mwaloni Kibirizi kuelekea Mwanga ana hesabu nyingine. Mahali njia inapopanda mita 8 kwa kila mita 100, kilo 150 kwa kilomita 15 kwa saa zinadai wati 490 kwa ajili ya kupanda peke yake. Mota ya 250 itapanda mara ya kwanza, ya pili, halafu utasikia harufu ya vanishi ya koili ikiungua.

Mota za kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ziko za aina mbili. Ya gia za ndani ni nyepesi, kilo 3 hivi hadi 4, ina nguvu ya kuondokea, na ukizima umeme gurudumu linazunguka bure kama kawaida. Udhaifu wake ni gia za nailoni, ambazo huliwa ukiifungulia ghafla na mzigo mkubwa. Isiyo na gia ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 6, haina cha kulika isipokuwa beringi, lakini inapenda mwendo kasi. Ukienda nayo polepole kwenye mchanga inakula umeme na kuugeuza joto. Aina ya tatu inafungwa kwenye pedeli na kuvuta mnyororo. Hiyo inafaa sana milima ya Kigoma kama baiskeli ina gia nyuma, kwa sababu mota inatumia gia zako. Kwenye Phoenix yenye gia moja faida yake kubwa inapotea, na mnyororo unachakaa upesi.

Kwa mbeba mzigo wa Tabora mimi huchagua mota ya gia za ndani, wati 350 hadi 500, na kati ya mbili zinazofanana huchukua ile yenye mizunguko michache kwa dakika. Kasi ya kilomita 25 kwa saa yatosha. Nguvu ya kuondoka mchangani ndiyo utakayoihitaji kila siku.

Ukiifunga mbele na mzigo wote uko nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na huzunguka bure kwenye mchanga. Shusha madumu yaning'inie ubavuni, yasogee mbele kadiri inavyowezekana, uondoke kwa pedeli kwanza ndipo ufungue eksileta.

HATUA YA 3: Volti moja kwa vyote

Betri, kontrola na chaja lazima viwe vya volti moja. Betri ya lithiamu ya volti 36 ina seli safu 10, ikijaa inasoma 42, ikiisha ni karibu 30. Ya volti 48 ina safu 13, ikijaa inasoma 54.6, ikiisha ni karibu 39. Kuna pia lithiamu ya fosfati, ambayo kwa safu 16 hujaa kwa 58.4. Chaja hufuata namba ya kujaa. Chaja ya 54.6 usiichomeke hata kwa kujaribu kwenye betri ya 36. Betri za lithiamu zikizidishwa chaji zinashika moto, na moto wake hauzimiki kirahisi.

Watu hupenda kufunga betri ya 48 kwenye kontrola ya 36 ili wapate kasi. Kabla hujathubutu, fungua kontrola na usome kapasita kubwa, yale makopo meusi ya duara. Yakiwa yameandikwa 50V, betri iliyojaa kwa 54.6 itayapasua. Yakiwa 63V yatavumilia, lakini kikato cha chini, yaani volti ambazo kontrola huzima mota ili betri isiishe kabisa, bado kitakuwa cha betri ya 36, na hapo seli zako zitanyonywa hadi kufa kama betri haina ulinzi wake wa ndani wa kujikata.

Nguvu halisi isome kwenye ampea za kontrola. Volti 36 mara ampea 15 ni wati 540. Volti 48 mara ampea 20 ni 960. Kontrola ya ampea 30 kwenye mota ya wati 250 ni kuichoma mota kwa hela yako mwenyewe.

HATUA YA 4: Peleka betri kwenye mizani

Betri ndiyo ghali kuliko vyote, na ndiyo inayodanganywa sana. Seli ya duara ya aina ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi, na hata iliyo bora kabisa haizidi sana ampea-saa 3.5. Piga hesabu. Betri ya volti 36 na ampea-saa 20 inahitaji safu 10, kila safu seli 6, jumla seli 60. Hizo ni kilo 2.8 za seli tupu, kabla ya boksi na nyaya. Ukiwekewa mezani betri iliyoandikwa 20Ah na mizani ikasoma kilo mbili, acha hapo hapo.

Ukubwa unaokutosha upate kwa njia hii. Volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Ukisaidia kwa pedeli kwenye lami utatumia 10 hadi 15 kwa kilomita, yaani kilomita 24 hadi 36. Kwenye mchanga na mzigo hesabu 20 hadi 25, nawe utafika kilomita 14 hadi 18. Kuijaza ni chini ya nusu uniti ya LUKU. Ndiyo sababu nasema kazi hii ina maana kwa mtu wa kipato chetu, ili mradi betri iwe ya kweli.

Betri za asidi za sola zinawezekana, tatu za volti 12 zikiungana. Tatu za ampea-saa 12 ni kilo 12 hivi, na zikivutwa na mota hazitoi ampea-saa zote zilizoandikwa. Kwa kuanzia, kwa safari fupi za mjini, sizikatai.

Usichajie betri kwenye chumba mnacholala, wala mlangoni ambako ndiyo njia ya kutokea.

HATUA YA 5: Kufunga

Ekseli ya mota ni nene kuliko ya kawaida, na imesawazishwa pande mbili, upana wa milimita 10 hivi. Nafasi ya foki ya Phoenix ni nyembamba zaidi. Itanue kwa tupa, polepole, pande zote sawasawa, na usiile kwenda juu. Foki ya chuma inastahimili. Ya aluminiamu inaweza kupasuka, na inapasuka bila kukuaga.

Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inajaribu kuzunguka nyuma. Ikifanikiwa inasokota nyaya zake na kuzikata zote kwa sekunde moja. Weka washa zenye jino linaloingia kwenye nafasi ya foki, halafu ongeza kipande cha chuma cha milimita 5 hivi chenye tundu la umbo la ekseli, ukifunge kwenye mguu wa foki. Mchomeleaji wa mtaani anakitengeneza. Baada ya kilomita 10 za mwanzo, bana nati tena.

Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri, ya ampea zilizozidi kidogo zile za kontrola.

IKIGOMA

Inua gurudumu la mota lisiguse chini kabla hujawasha chochote. Waya mweusi wa eksileta ukikatika, waya wa ishara unaweza kupanda karibu na volti 5, na baadhi ya kontrola zitaondoka kwa kasi yote bila wewe kushika kitu.

Hakuna taa, hakuna chochote. Pima betri kwenye plagi inayokwenda kwa kontrola. Ukipata sifuri au volti chache tu, fyuzi imekatika au ulinzi wa ndani ya betri umejifunga. Chomeka chaja dakika kadhaa, mara nyingi hujifungua. Ukijifunga tena na tena, kuna safu ya seli iliyokufa, na kuuruka ulinzi kwa waya ni kuondoa kitu pekee kinachozuia moto. Volti zikiwepo, fuata waya hadi kwenye kontrola, kisha waya mwembamba wa swichi ya ufunguo. Bila huo kontrola haiamki.

Taa zinawaka, mota kimya. Chomoa plagi za mikono yote miwili ya breki na ujaribu. Ikiondoka, umepata. Swichi za mzee wa asali nilizisafisha, nikazifunika kwa kipande cha tyubu kuukuu, na niliwahi kuwafanyia hivyo watu wengine kabla mchanga haujawafikia. Ikibaki kimya, nenda kwenye eksileta. Acha plagi ikiwa imeungana, ingiza ncha za mita kwa nyuma yake. Kati ya mwekundu na mweusi upate volti 5 au pungufu kidogo. Kati ya waya wa ishara, ambao kwa kawaida ni wa kijani au mweupe, na mweusi upate karibu 0.8 ukiwa umeachia, ikipanda taratibu hadi 3.5 au zaidi ukizungusha. Volti 5 zipo lakini ishara haipandi, eksileta imekufa, na hicho ni kifaa cha bei ndogo. Volti 5 hazipo kabisa, usikimbilie kulaumu kontrola. Chomoa plagi ya sensa za mota kwanza (zile zinazoiambia kontrola sumaku za mota ziko wapi), kwa sababu zinakula kwenye volti 5 zilezile, na waya wao mmoja uliopiga shoti pale kwenye ekseli unaziangusha zote. Zikirudi, tatizo liko upande wa mota.

Inatetemeka na kukoroma bila kuzunguka. Hapa kontrola haijui sumaku za mota ziko wapi. Mota ina nyaya tatu nene, njano, kijani na bluu, na tano nyembamba: nyekundu, nyeusi, na tatu za rangi zilezile. Washa umeme, ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi mwembamba, ncha nyekundu kwenye njano. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Mota ya gia za ndani izungushe kinyumenyume, la sivyo sehemu ya ndani haitembei. Namba iruke kati ya sifuri na karibu 5. Rudia kijani, rudia bluu. Unaokaa pale pale bila kuruka ndio wenye sensa iliyokufa au waya uliokatika. Zikiruka zote tatu, kagua plagi za nyaya nene, maana mojawapo ikilegea inayeyusha plastiki yake na mota inatetemeka vilevile. Plagi iliyoyeyuka ikate, uunganishe kwa lehemu.

Kabla ya kununua mota au kontrola, tofautisha nani mgonjwa. Tenganisha nyaya tatu nene, betri ikiwa imetolewa. Zungusha mota kwa mkono (ya gia za ndani kinyumenyume, kama hapo juu), inatakiwa kuwa nyepesi. Gusanisha nyaya mbili, inatakiwa kuwa nzito yenye kukwaruza, na uzito uwe sawa kwa jozi zote tatu. Ikiwa nzito hata nyaya hazijagusana, zimepiga shoti ndani. Kisha kontrola: pima ohmu kati ya waya mwekundu mkubwa wa betri na kila waya mnene wa mota, halafu kati ya mweusi na kila mmoja. Majibu matatu yafanane. Mmoja ukisoma karibu sifuri, transista yake imeungua, na sasa una ruhusa ya kununua kontrola.

Inaenda vizuri hewani, inakata ukipakia. Kipimo cha betri ikiwa imetulia kitakudanganya. Funga mita kwenye usukani, panda baiskeli, na usome wakati mota inavuta. Betri ya 36 iliyosoma 40 ikishuka hadi 37 au 38, ni kawaida. Ikiporomoka hadi 31 kisha ikarudi 40 ukiachia, kuna safu dhaifu ya seli au plagi inayopitisha kwa shida. Gusa plagi kwa uangalifu baada ya mbio fupi. Ya moto ndiyo yenye kosa. Zote zikiwa baridi, fungua boksi upime kila safu. Zinazofanana ziache, ile iliyo chini ya wenzake kwa nusu volti ndiyo inayowaangusha, na kuibadilisha ni kazi ya mwenye mashine ya kuchomea seli. Lehemu ya moto mkali inaua seli mpya kabla haijafanya kazi.

Mota inavuma, gurudumu halisogei. Gia za nailoni zimeliwa. Fungua kifuniko, hesabu meno, upime kipenyo, uagize seti nzima ya gia tatu na si moja.

Zikianza mvua za Novemba, nyaya zinazoingia kwenye ekseli zilegeze zining'inie chini ya ekseli kabla hazijapanda kuingia, ili maji yadondoke pale kwenye mkunjo. Kontrola ifunge nyaya zikitazama chini, kivulini, na usiivishe mfuko wa plastiki, kwa sababu itachemka. Mota iliyovuka dimbwi hadi kwenye habu ifunguliwe, ianikwe siku nzima, beringi zipakwe grisi mpya, na pale waya unapopita paongezwe silikoni kabla haijarudi barabarani.